Picha Kule, Sauti Huku

Historia tuliyofundishwa darasani ilikuwa ya watawala, vita na mikataba. Tulikariri kwamba mji wetu wa Lushoto uliitwa Wilhelmstal enzi za Wajerumani, tukakariri jina la Kimweri ye Nyumbai aliyetawala Vuga, mtihani ukaisha, na madaftari yakaishia kufungia maandazi. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba hata kitufe cha kupunguza sauti kina historia yake. Mimi nimeipata mtaani, baada ya kumaliza kidato cha nne, nikiwa msaidizi wa fundi wa redio. Kazi yangu ni kushika tochi, kuchomea risasi kwenye nyaya na kupokea wateja. Muda ukibaki, naandika riwaya yangu ambayo haijapata mwisho.

Wateja wetu wanatoka Soni, Magamba, Mlalo, hata Mtae kule ukingoni mwa dunia. Matatizo yao ni mengi, lakini lipo moja linalojirudia kuliko yote: "Fundi, rimoti ya TV haishushi sauti ya muziki." TV anayo, king'amuzi anacho, na sauti anaitoa kwenye sabufa ya dukani. Wachache wenye uwezo wana ampli ya hom thieta, ile mashine nzito yenye spika tano au zaidi. Picha iko kule ukutani, sauti iko huku chini. Mtu anabonyeza rimoti ya TV, namba inashuka kwenye kioo, lakini dirisha linaendelea kutetemeka. Anatafuta rimoti ya pili, haioni. Mtoto kaikalia, au imeingia kwenye kochi, au betri zake zimehamia kwenye tochi.

Watu wengi wanadhani hili ni tatizo jipya, la watu wenye vitu vingi. La hasha! Hapa kwenye milima ya Usambara lina zaidi ya miaka themanini. Hebu tulifuate toka mwanzo.

Zamani sauti haikuwa na kipunguzio. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na anayeipuliza hakukuuliza wewe msikilizaji kama inakuumiza masikio. Ukitaka ipungue unavuka bonde, ukitaka iongezeke unapanda kilima. Kwa wazee wetu umbali ndio uliokuwa voliyumu, na kila mtu aliishika kwa miguu yake mwenyewe.

Halafu zikaja mashine. Mwaka 1935, huko Vugiri, kwenye milima hii hii ya Usambara, mahali ambapo leo pamo ndani ya Wilaya ya Korogwe, palifunguliwa kambi ya kutengeneza filamu. Mradi uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Wazo lilikuwa la J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Wamisionari, fedha za kuanzia zilitoka shirika la Carnegie la Marekani, na kazi ikasimamiwa na Waingereza wawili, L. A. Notcutt na G. C. Latham. Hadi mwaka 1937 walikuwa wametoa filamu 35. Zilikuwa za mafunzo: kodi, safura, benki ya akiba ya posta, kilimo. Nyingi zimepotea, zimebaki chache mno.

Sasa sikiliza jambo lililonifanya niache kuchomea nyaya nikabaki nimeduwaa. Filamu za Vugiri hazikuwa na sauti ndani yake. Kuchapa sauti kwenye filamu yenyewe kulikuwa ghali, kwa hiyo picha zilikaa kwenye filamu na maneno yakarekodiwa kwenye sahani za santuri. Mashine moja inaonyesha, nyingine inasema. Picha kule, sauti huku! Tatizo la sebule ya mtu wa Magamba leo hii lilikuwepo Vugiri miaka ile, kabla umeme haujafika vijijini kwetu.

Mpango huo ulikuwa na faida yake. Picha moja iliweza kuwekewa sahani ya Kiswahili hapa, na kesho sahani ya lugha nyingine kwingine. Lori la maonyesho lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, likafanya maonyesho 95 mbele ya watu wapatao 80,000. Lakini mfumo wa namna hiyo una ugonjwa wake popote ulipotumika duniani. Sindano ikiruka, au kipande cha filamu kikikatika, mdomo unafunguka saa hizi na neno linatoka baadaye. Na jambo la pili, ambalo ndilo kiini cha makala hii: watu 80,000 walikaa wakatazama, lakini amri ya sauti ilibaki kwa aliyesimama nyuma ya mashine. Mtazamaji hakuulizwa kama sauti inatosha. Angeuliza nani? Mzigo wote ulikuwa wa wenye lori.

Baada ya Vita Kuu ya Pili magari ya sinema ya serikali yaliendelea kuzunguka vijijini. Safari hii alikuwapo mfasiri mwenye kipaza sauti, mwenyeji anayewaeleza watu kinachoendelea kwa lugha yao. Kwa fikra zangu, huyu ndiye mtu wetu wa kwanza kushika sauti ya sinema. Picha ilikuwa ya serikali, lakini maneno yalipita kinywani mwake, na yeye ndiye aliyejua wapi aseme kwa nguvu na wapi anyamaze.

Kisha redio. Kituo cha Dar es Salaam kilianza matangazo mwaka 1951, mwaka 1956 kikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikazaliwa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD ya wazee wetu. Redio haina picha, kwa hiyo ugomvi wa picha na sauti ukalala kidogo. Voliyumu ikawa kitu cha kuzungusha kwa vidole, mbele ya macho ya kila mtu. Ndani yake mna utepe mwembamba wa kaboni na kijiti kinachotembea juu yake. Ukizungusha huku umeme unapita kwa taabu na sauti inapungua, ukizungusha kule unapita kwa wepesi na sauti inapanda. Utepe ukichakaa redio inakwaruza. Nimesafisha nyingi za namna hiyo, na zingine zina umri kunizidi mimi.

Mwaka 1973 ilifanyika kampeni kubwa ya elimu kwa njia ya redio, Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 nchi nzima walijiunga kwenye vikundi vya kusikiliza. Kikundi kina redio yake na kiongozi wake. Wanakaa, wanasikiliza kipindi, na kikiisha redio inazimwa na watu wanaanza kujadiliana: choo kichimbwe wapi, maji yachemshwe vipi. Fikiria hilo, msomaji. Utaratibu wenyewe ulipangwa hivyo, mashine iseme halafu inyamaze ili watu nao waseme. Kiongozi wa kikundi hakuhitaji rimoti. Alihitaji kunyoosha mkono tu.

Wakati huo Marekani walikwisha kuchoka kunyoosha mkono. Kampuni ya Zenith ilitoa rimoti mwaka 1950, yenye waya mrefu uliokatiza sebule hadi kwenye televisheni, ikaitwa Lazy Bones, na watu wakawa wanajikwaa kwenye waya wake. Mkubwa wa Zenith, Eugene McDonald, alikuwa na chuki binafsi na matangazo ya biashara, akataka kifaa cha kuyanyamazisha. Mwaka 1955 mhandisi wake Eugene Polley akatengeneza rimoti ya mwanga iliyofanana na bastola. Unaielekeza kwenye pembe ya televisheni, tangazo linanyamaza. Kasoro yake ni kwamba jua la dirishani nalo liliweza kubadilisha stesheni! Mwaka uliofuata Robert Adler akaleta nyingine iliyotumia nyundo ndogo kugonga vijiti vya alumini, vikatoa mlio mwembamba usiosikika kwa binadamu. Haikuhitaji hata betri.

Kwa hiyo usidhani rimoti ilizaliwa kwa sababu ya uvivu peke yake. Ilizaliwa pia kwa sababu mtu alitaka haki ya kunyamazisha sauti iliyoingia nyumbani kwake bila hodi.

Sisi wa Bara tulichelewa. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi toka miaka ya 1970, lakini huku serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona kuwa anasa kwa nchi maskini, na vituo vya kwanza vilianza mwaka 1994. Kabla ya hapo na hata baada yake, mtu wa kawaida aliiona video kwenye vibanda. Humo picha na sauti zikatengana tena. TV ndogo inawekwa juu ya meza, na sauti inapelekwa kwenye spika kubwa ili aliyekaa nyuma asidai nauli yake. Baadaye wakaja wafasiri wa filamu kama Lufufu, ambao walishusha sauti ya Wamarekani na Wachina wakapandisha ya kwao, kwa Kiswahili cha uswahilini. Wajukuu halisi wa yule mfasiri wa gari la serikali!

Kisha ikaja dijitali. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na mikoa mingine ikafuata. Kila nyumba ikalazimika kuwa na king'amuzi, na king'amuzi kikaja na rimoti yake. TV nayo ina yake. Sabufa ina yake. Zote tatu zina alama ya kujumlisha na ya kutoa, na kila moja inaongeza na kupunguza kitu tofauti. Mwenye nyumba amepata vitufe vingi kuliko wakati wowote, lakini amri imemponyoka.

Nitakupa mfano mmoja niliouona kwa macho yangu. Mwaka juzi alikuja kibandani kwetu mzee mmoja kutoka njia ya Magamba, amebeba kikapu. Nilimpa shikamoo nikampokea. Ndani ya kikapu mlikuwa na rimoti tatu, zimefungwa pamoja kwa mpira.

"Marahaba mjukuu wangu," akasema. "Nataka moja inayonisikiliza."

Fundi akamkaribisha kwenye benchi, akamwuliza kulikoni. Mzee akaeleza taratibu. Usiku uliopita wajukuu walikuwa wamewasha muziki kwenye king'amuzi, singeli ile ya kupasua bati, halafu wakatoka kwenda dukani. Mara akasikia kilio nyumba ya pili. Jirani yake, mtu waliyekua naye na kulima naye, amefariki. Wewe msomaji unajua desturi zetu. Msiba ukitokea hata kuku unamfukuza asipige kelele. Mzee akashika rimoti anayoijua, ya TV, akabonyeza kutoa. Namba ikashuka hadi sifuri. Singeli ikaendelea. Akabonyeza tena na tena. Sabufa ikazidi kudunda, na watu wanaoelekea msibani wanapita mlangoni kwake.

"Nikafanyaje? Nikazima meni swichi," akasema. "Nyumba nzima giza. Nikaenda kwa jirani yangu nikipapasa ukuta wa nyumba yangu mwenyewe."

Kibanda chote kilinyamaza. Kisha mzee akatabasamu kidogo, akasema kwamba mwaka ule wa Mtu ni Afya yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikundi kijijini kwao. "Redio nilikuwa naishika mimi. Nikisema inyamaze, inanyamaza."

Tuliongozana naye siku hiyo hiyo. Tatizo tulilikuta nyuma ya TV, wala halikuwa kubwa. Picha ilitoka kwenye king'amuzi ikaenda kwenye TV, lakini nyaya za sauti, ile nyekundu na nyeupe, zilitoka kwenye king'amuzi zikaenda moja kwa moja kwenye sabufa. Sauti haikupita kabisa kwenye TV. Rimoti ya TV ilikuwa inapunguza spika ndogo za TV yenyewe, ambazo kwenye kishindo kile hata hazisikiki. Mzee alikuwa anaamrisha mtu asiye na kazi.

Dawa yake ni hii, na yeyote mwenye sabufa ya kawaida anaweza kuijaribu. King'amuzi kipeleke picha na sauti kwenye TV kwa waya wa HDMI. Kisha chukua sauti kwenye tundu la hedifoni la TV, uipeleke kwenye sabufa. Sauti ya tundu hilo kwa kawaida hupanda na kushuka pamoja na voliyumu ya TV. Weka sabufa kwenye kiwango kimoja cha wastani, usiiguse tena, na kuanzia hapo rimoti ya TV ndiyo inayotawala. Angalia tu, baadhi ya TV zina matundu ya nyekundu na nyeupe yanayotoa sauti isiyobadilika, na hayo hayatakusaidia mpaka ubadilishe mpangilio kwenye menyu, kama TV yako inaruhusu.

Kwa wenye ampli za hom thieta ipo njia nyingine, na nimeifunga mara kadhaa. Ndani ya waya wa HDMI mna pini 19. Pini ya 13 haibebi picha wala sauti, inabeba maagizo. Lugha ya maagizo hayo inaitwa CEC, na kila kampuni imeipa jina lake: Samsung husema Anynet+, LG husema SimpLink, Sony husema BRAVIA Sync. Vifaa vikishaunganishwa kila kimoja kinapewa namba. TV ni 0, mashine ya sauti ni 5. Ukibonyeza kutoa kwenye rimoti ya TV, TV inapeleka ujumbe kwa namba 5: punguza. Mwaka 2009 ikaongezwa ARC, njia inayoirudisha sauti kutoka kwenye TV kwenda kwenye ampli kwa waya ule ule. Chomeka kwenye tundu lililoandikwa ARC pande zote mbili, kisha uwashe CEC kwenye menyu ya TV na ya ampli. Watu wengi wanachomeka waya wakasahau menyu, halafu wanasema ampli mbovu. Ukitumia waya wa mwanga, ule wa optiko, sauti itafika lakini amri haitafika, maana waya huo hubeba sauti tu.

Na kama mashine zako ni za zamani, ipo rimoti ya kufundishwa. Rimoti za kawaida husema kwa mwanga ambao macho hayauoni, mwanga unaopepesa kwa mpangilio maalumu. Elekeza rimoti kwenye kamera ya simu, bonyeza, na kwenye simu nyingi utauona unawaka kwa rangi ya zambarau. Mpangilio huo unataja anayeitwa na unataja amri. Ndiyo maana rimoti ya TV haiisumbui sabufa: sabufa inaona mwanga, lakini haikuitwa jina. Rimoti ya kufundishwa hunakili wito wa sabufa kwenye vitufe vyake vya sauti. Hata Steve Wozniak wa Apple alitoa rimoti ya namna hiyo mwaka 1987.

Sasa kwa nini nimeyaandika haya kwenye gazeti la fasihi, badala ya kuyabandika kwenye mlango wa kibanda chetu? Kwa sababu sisi vijana tunaotaka kuandika tunatafuta historia mbali mno. Tunataka kuanza na Mbegha na nguruwe wake, au na bendera za wakoloni, jambo ambalo si baya. Lakini ukichunguza nani alishika sauti, kuanzia Vugiri hadi sebuleni kwa yule mzee, unaiona nchi nzima ikipita. Enzi ya lori amri ilikuwa ya mgeni. Enzi ya redio ya kikundi ilikuwa ya kiongozi wake, na kila mtu aliuona mkono wake. Leo amri iko kwa yule anayejua waya gani umeingia tundu gani, na mara nyingi huyo ni kijana, na mara nyingi hayupo nyumbani. Mzee aliyejenga nyumba anabaki na rimoti tatu za mapambo.

Wapo watakaosema mzee naye ajifunze, dunia inakwenda mbele. Sawa, ajifunze. Lakini mimi naona aliyefunga nyaya ana wajibu wake pia. Kazi haijaisha pale muziki unapolia. Imeisha pale mwenye nyumba anapoweza kuunyamazisha bila kumwita mtu. Sisi tunaojua nyaya hatupotezi kitu tukimwachia mkubwa wa nyumba rimoti moja inayomtii.

Mwezi uliopita nilipita kwa yule mzee kumjulia hali. TV ilikuwa inatangaza mpira, sauti ya wastani. Aliponiona akabonyeza kutoa mara mbili, sabufa ikanyamaza, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akataka kujua riwaya yangu imefika wapi. Nikavuta kigoda nikaanza kumsimulia.